Nani anaijua hii kaseti? Imeandikwa M.O.P / R.I.B + STONE, ya enzi za mradi wa maji wa Wafini

ChikongolaMjini aliandika:

Wakuu habari zenu, poleni na joto. Naombeni msaada hasa wakubwa zetu mliokula chumvi. Mjomba angu alikuwa dereva kwenye ule mradi wa maji wa Wafini huku Mtwara na Lindi miaka ya themanini, sa hivi yuko zake Masasi na mikorosho yake, juzi kanipa boksi la kaseti akaniambia chukua wewe unayependa makorokoro. Ndani kuna Sikinde, kuna Msondo, kuna kwaya, kuna mawaidha, afu kuna TDK 90 moja imeandikwa kwa peni M.O.P upande A na R.I.B + STONE upande B, basi, hamna jina la bendi hamna jina la wimbo. Nikamuuliza mjomba anasema aliachiwa na Mfini mmoja fundi wa visima alivyokuwa anarudi kwao, yeye mwenyewe hakuwahi kuisikiliza ikaisha maana mkewe alikuwa anazima redio.

Nimehangaika nikapata radio kaseti kwa fundi mmoja pale sokoni nikaitumbukiza. Aisee. Upande A unaanza na magitaa ya taratibu mazuri kabisa unajua hapa ntasinzia, ghafla linashuka gitaa zito mpaka kuku wa jirani wakahama. Nyimbo ndefu ndefu, zinabadilika katikati kama nyimbo tatu zimeshonwa pamoja. Ila kilichonifanya nije humu ni ule wa mwisho wa upande A. Hauna maneno kabisa, unaanza kwa mbali unakuja unakuja, unatembea mwendo wa gwaride, afu katikati kila kitu kinanyamaza linabaki besi peke yake linaimba, na hapo hapo mkanda unaisha, tak! Nimerudia mpaka betri zimeanza kuvuta sauti.

Upande B ni watu wengine, hao hawana taratibu, ni mbio mwanzo mwisho, jamaa anaongea kama anadaiwa, karibu na mwisho kuna radi na mvua. Mvua ikiisha wanaingia wengine tena nyimbo chache.

Sasa ni akina nani hawa, hii miziki ilianzia wapi, na je huku Kusini kulikuwa na watu wanaisikiliza au mjomba angu na mkewe ndo walikuwa wa kwanza na wa mwisho? Nawasilisha.

---

Walkman_Ligula alijibu:

Kijana umeniamsha usingizini, heshima kwa mjomba.

M.O.P ni Master of Puppets ya Metallica, 1986. Huo wa kuanza na magitaa matamu unaitwa Battery. Huo unaokukatikia ni Orion, na kukatika kwake wala siyo ubovu wa mkanda, ni hesabu tu, albamu ile ina karibu dakika 55 na upande mmoja wa TDK 90 ni dakika 45, kwahiyo Mfini wako alijua kabisa haitoshi akaiacha ikatike itakapokatikia. Unachokosa wewe ni nusu ya Orion na wimbo mzima wa Damage, Inc. Na usijione una mkosi, enzi zile tuliorekodiana kwenye 90 wote tulikuwa na Orion ya nusu, kuna watu walijua umetungwa hivyo.

Na pale unapokatika ndo penyewe bwana. Hilo besi ni la Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica. Jamaa alikuwa anapiga besi kama gitaa la solo, anaweka distosheni juu yake, na huo wimbo una mkono wake sana. Albamu imetoka Machi 1986, tarehe 27 Septemba mwaka huohuo basi la bendi likapinduka Sweden usiku wakiwa safarini, Cliff akafa akiwa na miaka 24. Inasemekana usiku ule walivuta karata nani achague kitanda, yeye akavuta ree ya shupaza akachukua kitanda cha Kirk Hammett, mpiga gitaa mwenzie. Kwenye mazishi yake ndo ukapigwa huo Orion, ule uliorekodiwa.

Kuhusu ilianzia wapi. 1981 Los Angeles kuna dogo wa Kidenmaki anaitwa Lars Ulrich, kapelekwa Marekani acheze tenisi, yeye akili yote iko kwenye dramu na kukusanya rekodi za bendi za Uingereza ambazo hata Waingereza wenyewe wengi hawazijui. Akaweka tangazo gazetini anatafuta wenzake, akajitokeza James Hetfield, muimbaji na mpiga gitaa, hapo ndo Metallica ikazaliwa. 1982 wakarekodi demo, yaani mkanda wa majaribio, No Life 'Til Leather, na sasa nisikilize vizuri hapa maana ndo pointi yangu yote, ile demo haikwenda redioni wala dukani, ilikwenda kwa KASETI, mtu anamdabia mwenzie, yaani anamrekodia nakala, mwenzie anaiweka kwenye bahasha anamtumia wa mji mwingine, huyo naye anadabu, mpaka nakala ikamfikia Jon Zazula huko New Jersey aliyekuwa na kibanda cha kuuza rekodi mnadani. Mtu wa kibanda cha mnadani! Huyo ndo kawaita New York 1983, akaanzisha lebo yake Megaforce ili tu aitoe albamu yao ya kwanza Kill 'Em All, Julai 1983. Kabla ya kurekodi wakamfukuza gitaa wao Dave Mustaine wakampakiza basi arudi California, kwenda kwao siku kadhaa za njiani na hasira zake, akafika akaunda bendi yake Megadeth.

Kwahiyo kijana ukijiuliza ilifikaje Mtwara, ilifika kwa njia ileile iliyozaliwa nayo. Mi sikuwahi kuusikia muziki huu Radio Tanzania hata siku moja, na wakati huo Dar na huku mnajua wenyewe, kabla ya daraja la Mkapa 2003 unasubiri kivuko Ndundu, masika ikikolea hamna basi hamna gari, lakini kaseti inakaa mfukoni mwa mtu wa meli, inafika. Mimi ya kwanza niliipata bandarini kwa kubadilishana na ya Franco na sijutii, Franco nilimpata tena.

---

Nangu_Newala alijibu:

Mmeambiwa mkewe alikuwa anazima redio, huyo mama ndo mwenye akili kwenye uzi huu wote 😂😂 Kelele zote hizo na hakuna hata mtu anayecheza. Njooni Newala msimu wa jando muone ngoma inavyopigwa kwa kasi na mtu wa mapiko, yule mcheza kinyago, anajibu kwa kiuno, hamna umeme hamna besi.

---

BintiMtanda alijibu:

Nangu tulia unywe uraka wako.

Mimi niko Lindi mjini na najibu swali la watu "walikuwepo au hawakuwepo", tulikuwepo, tena na sisi wasichana. Kaka zangu wawili walikuwa na redio ya Sanyo ya spika mbili inakaa dirishani Mtanda, kaseti ikimezwa unakaa na kalamu ya Bic unazungusha kidogo kidogo huku unaomba Mungu. Kwa vile hazikuwa na kava tulikuwa tunachora wenyewe, kaka angu alichora fuvu lina kofia, baraghashia kabisa, mama alipoliona tulichapwa wote na mie ambaye sikuchora.

Sasa upande B. R.I.B ni Reign in Blood, Slayer, Oktoba 1986. Mvua na radi ni Raining Blood. Kaka Walkman kaongelea hesabu za dakika, hii nayo ina hesabu zake, nyimbo kumi zote ni dakika 29 hivi! Kaseti ya dukani waliweka albamu nzima upande A na wakairudia nzima upande B kwa vile nafasi ilibaki tu. Mfini akaona dakika kumi na tano hizi zisipotee akajazia Stone. Stone ni bendi ya kwao Finland, ya mji unaitwa Kerava, albamu yao ya kwanza ya 1988, kwahiyo kaseti yako haiwezi kuwa imerekodiwa kabla ya hapo kama Stone wamo kweli. Gitaa wao mmoja Roope Latvala baadaye alipiga Children of Bodom. Yaan jamaa yupo Mtwara anachimba visima, kaweka kipande cha nyumbani mwishoni mwa mkanda, mi hicho ndo kimenigusa kuliko vyote.

Na Slayer msiwachukulie kama Wazungu wa kawaida tu, muimbaji Tom Araya kazaliwa Chile, mpiga dramu Dave Lombardo kazaliwa Cuba, Havana. Sikiliza ile miguu ya Lombardo, dramu la mguu ni mawili, kila mguu na lake, hiyo ndo inayokufanya uhisi gari la mawe linapita chini ya nyumba. Prodyuza wao Rick Rubin alikuwa mtu wa hip hop, lebo yenyewe Def Jam ya kina LL Cool J, akasafisha mwangwi wote akaacha kila kitu kikavu kiko karibu na sikio. Wenzao wa wakati ule albamu zao zinasikika kama zimerekodiwa ndani ya tangi, hii hapana, mpaka leo ukiiweka haijazeeka.

Ila kaka Walkman hapo kwenye "ilianzia wapi" umewapa Metallica sahani yote na mifupa. Exodus je? Hammett mwenyewe katoka Exodus! Wale watoto wa Bay Area huko San Francisco walikuwa wanapiga hiyo mambo tangu Metallica hawajahamia, shida yao ni Bonded by Blood ilirekodiwa 1984 ikacheleweshwa mpaka 1985, wenzao washatoa albamu mbili. Ingekuwa kaseti yao ilitoka kwa wakati leo tunabishana tofauti. Na hata hao wote wamekula kwa bendi za Uingereza, kwa Motörhead, Overkill ya 1979 miguu miwili ya dramu ipo pale, wamekula kwa Venom, wamekula kwa Diamond Head ambao Lars aliwafuata mpaka Uingereza, na wamekula kwa mapanki wa Discharge. Ukichukua gitaa la Waingereza ukaliongezea hasira na mwendo wa panki, hiyo ndo thrashi, hakuna mtu mmoja aliyeamka asubuhi akaivumbua.

---

Mzenji_Bandarini alijibu:

Wabara mnabishana na jibu liko Zanzibar hahahaa. Stone Cold Crazy ya Queen, MWAKA 1974. Kasikilizeni mwendo wa lile gitaa na anavyotapika maneno. Nani muimbaji? Freddie Mercury, Farrokh Bulsara, kazaliwa Mji Mkongwe 1946. Na Metallica wenyewe wakaurudia huo wimbo 1990 wakapewa Grammy 1991. Yaan wamepewa tuzo kwa kuimba wimbo wa Mzanzibari. Thrashi imeanzia Forodhani, fungeni uzi.

---

Walkman_Ligula alijibu:

😂😂😂 Mzenji nilikuwa nakusubiri nilijua utakuja tu.

Wimbo mmoja wa dakika mbili haufanyi muziki mzima mzee, Queen wenyewe waliupiga wakaenda zao kwenye piano na opera. Ila sikukatalii kabisa, ukiusikiliza ule wimbo kweli mbegu ipo, na ile Grammy ni kweli, mi huwa nawatambia nao watu hapa Ligula.

BintiMtanda dada angu Exodus nakupa, tena nimekupa na Death Angel juu yake, wale ndugu ndugu wa asili ya Ufilipino waliotoa The Ultra-Violence 1987 mpiga dramu hata kunyoa ndevu bado. Lakini kuna kitu nakataa, hiki cha kusema wote ni sawasawa. Tofauti ya Metallica iko kwenye mkono wa kulia wa Hetfield. Anapiga kwenda chini tu, chini chini chini, hapandishi, na kiganja kimelalia nyuzi pale karibu na daraja la gitaa ili mlio ukatwe uwe mfupi mzito. Jaribu kushika gitaa upige rifu, kile kipande cha gitaa kinachojirudia, ya Master of Puppets hivyo kwa dakika nane na nusu, mkono unawaka moto. Wengine wote walikuwa na kasi, huyu alikuwa na kasi na uzito kwa pamoja.

Na kilichonifanya niipende ile 1986 ni kwamba kwa mwaka mmoja ametoka Master of Puppets, Reign in Blood, Peace Sells ya Megadeth, na Wajerumani nao Kreator wametoa Pleasure to Kill. Wajerumani nao walikuwa wana mambo, Tom Angelripper wa Sodom alikuwa anafanya kazi mgodi wa makaa ya mawe huko Gelsenkirchen, unasikia kabisa huyu mtu katoka shimoni. Baada ya hapo mpaka 1990 pakavu hakuna, Among the Living ya Anthrax, Rust in Peace ya Megadeth, Sepultura wa Brazil na Beneath the Remains. 1991 Metallica wakatoa ile albamu ya kava jeusi, wakapunguza mwendo, wakawa matajiri, kwangu mimi hapo kitabu kimefungwa. Najua kuna watu watanirukia.

---

singeli_tu_tz alijibu:

Shkamooni wazee. Mi wa 2001, nipo VETA hapa Mtwara, Master of Puppets niliijua 2022 kwenye ile tamthilia ya Netflix dogo anapiga gitaa juu ya paa, nikaitafuta nikaipenda. Lakini naomba niulize bila kuwakosea, nyie mnalilia mziki au mnalilia ujana? Maana mnasema kasi kasi, singeli ya Manzese inapita mapigo 200 kwa dakika asubuhi kabla ya chai, imetengenezwa na vijana hawana hela kwenye kompyuta mbovu, inasambaa kwa fleshi na bluetooth hakuna redio iliyokuwa inaitaka mwanzoni, wazee wanasema kelele. Si ndo stori ileile ya kaseti ya kaka Walkman? Na wapo Wakenya wanaitwa Duma wamechanganya metali na mambo ya kompyuta, albamu ya 2020 imetolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, haohao waliotoa Sounds of Sisso ya singeli 2017. Sasa mnatafuta nini 1986.

---

BintiMtanda alijibu:

Marahaba mwanangu. Swali zuri na wala hujakosea adabu.

Ujana tunaulilia ndio, nani hataki magoti ya zamani. Lakini mziki nao una kitu chake na mi ntakuambia ni nini. Ukisikiliza Reign in Blood wale watu wanne wapo chumbani wanapiga, Lombardo hana kompyuta ya kumnyoosha, ile kasi inatoka kwenye mapaja ya mtu na kuna mahali unasikia kabisa wanakaribia kuanguka wote na hawaanguki. Albamu nyingi za metali za sasa kila pigo limenyooshwa na kompyuta kwenye mstari, dramu linasikika kama cherehani, naheshimu lakini sihisi hatari. Singeli yako haijifanyi kuwa mtu, ni mashine na inajivunia kuwa mashine, ndo maana mi singeli naikubali kuliko hizo metali mpya. Hao Duma nimewasikiliza, dakika chache tu maana mume wangu ni kama mkewe mjomba.

Na hilo la njia umesema kweli, kaseti na fleshi ni ndugu. Ila fleshi haikatiki katikati ya wimbo, hilo hamtalijua nyie.

---

Nangu_Newala alijibu:

Nimeenda kusikiliza hiyo Raining Blood kwa hasira nije niwatukane. Hapo mwanzo yale madramu matatu matatu kwenye ile radi na mvua, huyo Mkuba ana damu ya huku. Sisemi zaidi.

---

ChikongolaMjini alijibu:

Wakuu sijui nishukuru vipi, nimesoma yote mara mbili. Jana usiku nimeitafuta Orion kwenye simu nikaisikiliza yote. Kumbe baada ya lile besi gitaa linaingia juu yake taratibu mno mpaka unasahau unasikiliza bendi ya kelele, afu linarudi lile zito tena. Nimempigia mjomba nikamwekea spika asikie, kasikiliza kidogo kasema "huyo Mfini alikuwa mtu mpole sana" afu akaanza kuniuliza bei ya korosho.

Sasa wakubwa boksi halijaisha, nimechimbua chini ya kwaya nimekuta nyingine imeandikwa P.T.K upande A na B.T.R upande B, mwandiko uleule. Ina kama unga mweupe kwenye mkanda. Naweza kuipiga tu?

---

Walkman_Ligula alijibu:

USIBONYEZE PLAY! Huo unga ni ukungu wa pwani, utachafua hedi ya redio na mkanda utanata ukatike. Kwanza peleka mbele mpaka mwisho na urudishe nyuma ukishikilia kipande cha pamba kavu taratibu juu ya mkanda, afu safisha hedi na kile kigurudumu cha raba kwa spiriti, na uangalie kale kasponji kadogo chini ya mkanda kama bado kapo, kakiwa kamedondoka utasikia mbali mbali tu, toa kengine kwenye kaseti ya mawaidha kama mjomba anaruhusu.

P.T.K ni Kreator, Pleasure to Kill niliyoitaja hapo juu. B.T.R ni Beneath the Remains ya Sepultura, 1989. Hiyo ya pili ikipona naiomba nidabu, yangu ilibaki Ndundu kwenye basi.

---

BintiMtanda alijibu:

Na mimi. Nakuja Mtwara Ijumaa na TDK tupu mbili, usimpe huyo Walkman peke yake.